Gari la deraya la sentimita saba, na mpagazi asiyeuzwa dukani

Hebu chukua rula, tafuta sentimita saba. Huo ndio urefu wa gari la kivita nililolitafuta kwa miezi minane. Siyo la kweli, usiogope. Ni kigari cha plastiki, mfano wa Rolls-Royce ya deraya ya mwaka 1914, chenye mnara unaozunguka na bunduki ya rasharasha aina ya Vickers inayochungulia mbele. Nilikitaka kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani, na mchezo wenyewe niliutaka kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari moja hapa nyumbani, Bahi.

Katika makala hii nitakueleza jinsi ya kulinganisha vigari hivi bila kudanganywa, maana ni hesabu tamu na unaweza kuifanya hata jikoni. Ila nitakueleza pia jinsi hesabu hiyo ilivyonipeleka mahali ambapo sikupanga kwenda, yaani kwenye njaa iliyoua ndugu zetu wa Ugogo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mchezo wa vita ni nini hasa?

Wengi wakisikia "mchezo wa vita" wanafikiria simu au kompyuta. Huu ni wa zamani zaidi. Unatandika ramani au unatengeneza vilima na mito juu ya meza, unapanga askari na magari madogo, kisha unacheza kwa kanuni: askari wa miguu atembee kiasi gani kwa zamu moja, gari lipite wapi, risasi ifike umbali gani. Yale yasiyotabirika unayaachia dadu. Jeshi la Prussia lilianza kufundishia maofisa wake kwa mchezo wa aina hii mwaka 1824, chini ya luteni aliyeitwa von Reisswitz. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akachapisha kitabu cha kanuni, *Little Wars*, cha watu wa kawaida wenye askari wa bati na mizinga ya springi. Mwaka mmoja baadaye vita ya kweli ikaanza, na ikafika mpaka huku kwetu.

Faida ya mchezo huu kwa mwalimu ni kwamba unamlazimisha mtu kuamua. Ukisoma kitabuni kwamba jenerali fulani alikwama kwa mvua, unasema "haya", unafungua ukurasa unaofuata. Ukiwa wewe ndiye jenerali, na rafiki yako anakusubiri uamue, mvua inakuuma.

Kwa nini Bahi

Bahi ipo kama kilomita 55 magharibi mwa Dodoma mjini. Anayepita kwa treni anatujua kwa stesheni, mpunga na joto. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912, na Kigoma mapema 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Upana wake ni mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji.

Mwaka 1916 Waingereza, chini ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, waliamua kuishika reli hiyo. Mmoja wa majenerali wake, van Deventer, aliteremka na wapanda farasi kutoka upande wa Arusha, akaingia Kondoa katikati ya Aprili. Hapo mvua ikamfungia. Farasi wakafa kwa mbung'o na maradhi, malori yakazama kwenye tope. Mwezi Mei Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck wakamshambulia Kondoa, wakashindwa kumtoa. Ardhi ilipokauka akasonga kusini, na tarehe 29 Julai 1916 majeshi yake yakaingia Dodoma. Siku chache baadaye yalikuwa Kilimatinde. Angalia ramani: huwezi kuishika Dodoma na Kilimatinde bila Bahi kuwa katikati.

Basi nikasema, hii ndiyo vita ya kuichezea mezani. Imepita mlangoni kwetu, na ina farasi, treni, malori na magari ya deraya. Rolls-Royce za kivita zilishapigana Namibia mwaka 1915, na mwaka uliofuata zilikuwa kwenye kampeni hii ya Afrika Mashariki. Nikaanza kutafuta.

Kwa nini kuna 1/72 na 1/76?

Jambo la kwanza utakalokutana nalo ukitafuta vigari hivi ni skeli. Skeli ya 1/72 maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 72. Kanuni ni nyepesi: chukua urefu wa kitu halisi kwa milimita, gawa kwa namba ya chini.

Rolls-Royce ya deraya ilikuwa na urefu wa karibu mita 5, yaani milimita 5,000. Kwa hiyo:

- 1/56: milimita 89
- 1/72: milimita 69
- 1/76: milimita 66
- 1/87: milimita 57
- 1/100: milimita 50
- 1/300: milimita 17, unaificha chini ya ukucha wa dole gumba

Swali la kawaida: mbona 1/72 na 1/76 zinakaribiana hivyo? Si wangechagua moja? Jibu ni historia, na limo kwenye vipimo vya Kiingereza. Ya 1/72 ni inchi moja kwa futi sita. Ilienea kupitia ndege za kuunganisha, zile zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1936 kwa jina la Frog Penguin. Ya 1/76 ilitoka kwa wapenzi wa treni ndogo, waliotumia milimita 4 kwa kila futi. Futi moja ni milimita 304.8, gawa kwa 4, unapata 76.2. Kampuni ya Airfix ilipoanza kuuza vifaru vidogo kwa bei nafuu miaka ya 1960, ilitumia 1/76, na watoto wa Uingereza wakakua nayo. Tofauti kati ya hizo mbili ni asilimia tano na nusu hivi. Mezani, ukiwa umbali wa mita moja, huioni. Ukiweka magari mawili ya aina moja ubavuni, unaiona.

Zile za 1/300 na mwenzake 1/285 ni za watu wanaotaka kuona vita nzima, siyo kapigano ka kijiji kimoja. Kwa skeli hiyo mtu wa mita 1.7 anakuwa na urefu wa karibu milimita 6. Kumbuka na hiyo milimita 6.

Nilivyouziwa mbuzi kwenye gunia

Kampuni ya Roden ya Ukraine imewahi kutoa Rolls-Royce hii kwa 1/72, ya kuunganisha kwa gundi. Kisanduku kinaonekana kizuri, lakini ukijumlisha usafiri mpaka Dodoma bei yake inakukumbusha kwamba wewe ni mwanafunzi wa uzamili. Nikaamua kununua vilivyotumika. Muuzaji mmoja wa nje alitangaza gari la deraya na lori la zamani, vyote viwili, "1/72". Vikaja baada ya wiki tisa. Nikatoa rula.

Gari la deraya: milimita 57. Hesabu ya kinyume ni hii: gawa urefu halisi kwa urefu wa kigari. Yaani 5,000 gawa kwa 57 ni 87 na ushee. Haikuwa 1/72. Ilikuwa 1/87, skeli ya treni ndogo za Ulaya. Lori nalo lilikuwa hivyohivyo. Niliandika kulalamika, sikujibiwa.

Kwa hiyo somo la kwanza, bure kabisa: usiulize skeli, uliza milimita. Mwambie muuzaji akupigie picha kigari kikiwa kando ya rula. Kipimo kizuri ni urefu wa chasisi au umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa sababu vitu kama bampa na mtutu wa bunduki hudanganya. Na kama huna vipimo vya gari halisi, tumia mtu: mlango wa lori usiomfikia mwanasesere kifuani una kasoro mahali fulani.

Lakini hasara hii iliniletea bahati. Unakumbuka ile mita moja ya reli?

Lori lililotembea juu ya reli

Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma kuelekea Morogoro, walilipua madaraja ya reli, na vichwa vya treni wakaviondoa au kuviharibu. Waingereza wakawa na reli isiyo na treni, na malori yasiyo na barabara. Wahandisi wa Afrika Kusini wakafanya jambo ambalo fundi yeyote wa Dodoma atalipenda: wakapunguza upana wa magurudumu ya malori mpaka yakaingia kwenye reli ya mita moja. Wakitengeneza madaraja kwa haraka, malori hayo yakaanza kuvuta mizigo kutoka Dodoma kwenda mashariki, muda mrefu kabla ya treni ya kawaida kuweza kupita.

Nimepekua orodha nyingi za vigari. Hakuna niliyoikuta ikiuza lori la namna hii. Ukilitaka, utengeneze. Na hapo ndipo lori langu la 1/87 likapata kazi. Milimita 1,000 gawa kwa 87 ni 11.5. Reli ndogo za dukani za wapenzi wa treni za mita moja ni za milimita 12, kwa hiyo zinakosea kwa nusu milimita tu. Ningekuwa na lori la 1/72 ningehitaji reli ya milimita 13.9, na kwa 1/76 ningehitaji 13.2. Hizo sikuzipata dukani kabisa.

Hata hiyo ya milimita 12 sikununua. Nilitumia spoku za baiskeli kwa chuma, na vijiti vya kiberiti vilivyokatwa nusu kwa mataruma. Nusu kijiti ni milimita 21 hivi. Zidisha kwa 87 unapata mita 1.8, urefu wa kuridhisha kabisa kwa taruma la reli ya mita moja. Nikabandika spoku kwa upana wa 11.5 kamili. Reli ya Bahi ya spoku ikawa sahihi kuliko ya dukani.

(Ukiwa na hamu: SGR inayopita kwetu sasa ina upana wa milimita 1,435. Gawa kwa 87, unapata 16.5, na hiyo ndiyo reli ya kawaida kabisa kwenye maduka ya treni ndogo duniani. Kwa hiyo Bahi ya leo, yenye reli mbili, ni rahisi zaidi kuitengeneza kuliko Bahi ya 1916.)

"Dada, babu zetu ndo wako wapi hapa?"

Jumamosi ya kwanza tulitandika meza katika darasa la klabu ya historia. Kondoa upande mmoja, Dodoma katikati, Bahi na Kilimatinde upande wa pili. Farasi walikuwa wa kuazima, askari wa plastiki, kigari cha deraya, lori juu ya spoku. Wanafunzi walishangilia lori. Kila mmoja alitaka kulisukuma.

Kisha msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akazunguka meza polepole akaniuliza: "Dada, babu zetu ndo wako wapi hapa?"

Nikamwonyesha askari wa Kiafrika wa pande zote mbili. Akasema hapana, wale ni askari. Bibi yake anasema waliochukuliwa kwao walikwenda kubeba.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumia miezi minane na pesa za kutosha kutafuta gari la sentimita saba, na mpagazi hata sikumtafuta. Nilipomtafuta nikakuta kwamba hayupo kwa skeli yangu. Kuna wapagazi wanaouzwa kwa wacheza michezo, kwa mfano wale wa kampuni ya Foundry ya Uingereza katika seti zake za Afrika, lakini hao ni wakubwa, wa milimita 28, na ni wa misafara ya wavumbuzi wa karne ya 19. Wamebeba masanduku ya Mzungu anayetafuta chanzo cha mto. Mpagazi wa 1916, aliyebeba unga wa jeshi kuvuka Ugogo, katika orodha nilizopekua hakuwepo.

Na hilo ni tatizo la historia, siyo la duka tu. Kwa sababu katika vita hii chombo kikuu cha usafiri kilikuwa binadamu.

Hesabu ya mzigo

Tufanye hesabu pamoja. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Mara nyingine ulipunguzwa, lakini tuanze nao. Mpagazi naye anakula. Tumpe kilo moja ya unga kwa siku, na kwa urahisi tuseme anakula kutoka kwenye mzigo wake, kwenda na kurudi.

Jeshi likiwa umbali wa siku 5, anakula kilo 10 njiani, anafikisha 17. Kulisha askari 1,000 kwa kilo moja kila siku unahitaji wapagazi 59 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 10, jumla unahitaji wapagazi 590.

Jeshi likiwa siku 10, anakula kilo 20, anafikisha 7. Wapagazi 143 kila siku, safari ya siku 20, jumla 2,860.

Jeshi likiwa siku 13, anakula 26, anafikisha kilo moja. Unahitaji wapagazi 26,000 kulisha askari 1,000.

Ukiongeza nusu siku, anafika mikono mitupu.

Ona jinsi hesabu inavyopanda. Umbali umeongezeka chini ya mara tatu, lakini watu wameongezeka mara 44. Na hii siyo hesabu ya kubuni tu ili ikushtue. Van Deventer alipofungiwa Kondoa na mvua, chakula chake kilibebwa vichwani kutoka Lolkisale, kama kilomita 190. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku hizo ni siku tisa au kumi, tena kwenye tope.

Sasa unaelewa kwa nini lori lilikuwa kama dhahabu. Lori dogo la tani moja na nusu linabeba mizigo ya watu 55, na halili unga. Lakini barabara yake ilikatwa na kufyekwa na watu walewale, na liliponasa, walewale ndio waliolisukuma.

Punje za mchele

Tulirudi mezani Jumamosi iliyofuata, na safari hii nilibeba mfuko wa mchele wa Bahi. Unakumbuka milimita 6? Huo ndio urefu wa mtu kwa skeli ya 1/300, na ndio urefu wa punje ya mchele pia, ikizidi ni kidogo tu. Tukabadilisha meza yote kuwa ya 1/300. Magari yakawa vipande vya kiberiti. Wapagazi wakawa punje.

Kanuni ilikuwa moja: hakuna askari anayesogea bila punje zake. Wanafunzi walihesabu wenyewe punje 590 za siku tano, wakapata kilima kidogo cha kijiko. Kwa 2,860 walichoka, tukapima kwa mizani. Punje elfu moja ni gramu 20 hivi, kwa hiyo gramu 57, konzi moja nzuri. Kwa siku 13 ilikuwa zaidi ya nusu kilo. Tulipoimwaga ilifunika barabara, ikafunika reli ya spoku, kigari cha deraya kikabaki kimezama mpaka kwenye mnara.

Yule aliyekuwa van Deventer akasema, "Mimi siwezi kuwapata watu wote hawa." Mwenzake akamjibu, "Basi chukua chakula cha kijiji." Hakuna aliyewafundisha. Meza yenyewe ndiyo iliyowafundisha.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jeshi lisiloweza kubebewa chakula hula palipo na vihenge. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa Ugogo kwa miaka ya mwanzo ya vita. Waingereza walipoingia Julai 1916 wakachukua tena. Ugogo ni nchi ya mvua chache, ambako mtama na uwele wa mwaka mzuri huwekwa kwa ajili ya mwaka mbaya, na ng'ombe ni benki ya mwisho ya kubadilisha na chakula. Mwaka mbaya ulipokuja, kihenge kilikuwa kitupu, zizi lilikuwa limepungua, na vijana wa kulima walikuwa wamepelekwa na mizigo. Mwishoni mwa 1918 homa ya mafua iliyozunguka dunia nayo ikapita.

Wagogo wanaiita njaa hiyo *Mtunya*. Ilidumu kati ya 1917 na 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeandika juu yake mwaka 1990, anataja vifo 30,000 katika eneo lililokuwa na watu 150,000. Mtu mmoja kati ya watano. Katika familia yetu bado lipo kama alama ya kuhesabia miaka: fulani alizaliwa kabla ya Mtunya, fulani baada yake. Nimelisikia neno hilo toka utotoni. Sikuwahi kuliunganisha na Rolls-Royce.

Anayeonekana na asiyeonekana

Ukienda Dar es Salaam utaiona sanamu ya Askari katikati ya mji, iliyowekwa mwaka 1927. Ni askari mmoja na bunduki yake. Nairobi kuna sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa upande wa Dar kumbukumbu ya mpagazi ipo kwenye jina: Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo waliopiga kambi pale. Watu hununua shati Kariakoo kila siku bila kujua wamesimama kwenye kambi ya wapagazi.

Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria huwakadiria wapagazi walioandikishwa kuwa karibu milioni moja, na waliokufa kuwa karibu 100,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba angalau watu 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa skeli yetu, punje 100,000 ni kilo mbili za mchele. Niliwaletea wanafunzi kilo mbili kwenye bakuli. Hatukuimwaga. Tuliiweka tu pembeni ya meza, mchezo ukaendelea.

Sisemi vigari ni vibaya. Mimi bado navipenda, na ile Rolls-Royce ya 1/72 bado iko kwenye orodha yangu siku mfuko ukiruhusu. Ninachosema ni hiki: kila mfano ni uchaguzi. Anayepunguza dunia mara 72 anaamua pia nini kipunguzwe mpaka kipotee. Gari lina picha, vipimo na kampuni ya kulijivunia. Mpagazi hana mchoro wa kiwanda. Kwa hiyo anayetengeneza vita kutoka kwenye katalogi, awe mtoto mwenye meza au mwanahistoria mwenye maktaba, atapata vita yenye magari mengi na watu wachache kuliko ilivyokuwa.

Ukitaka kujaribu, huhitaji kununua chochote. Tandika karatasi, chora kwenu na mahali pa mbali unapopajua. Chagua askari wangapi unataka kuwafikisha huko na ni siku ngapi kwa miguu. Fanya hesabu ya mzigo: 27 toa siku mara mbili. Kisha hesabu punje. Na kama una bibi au babu karibu, muulize nani wa kwenu alikwenda kubeba. Sisi hapa Bahi tumeanza kuandika majina kwenye daftari la klabu. Mpaka sasa tuna kumi na moja. Kila jina tunalopata, tunachukua punje moja kwenye bakuli, tunaipaka rangi, tunaibandika juu ya reli ya spoku.